Ukurasa wa Lifti

Lifti ya jengo letu haipandi bila sarafu.
Unaitumbukiza, inakohoa, inakutafakari kwanza,
ndipo ikubebe, kwa shingo upande,
kama punda aliyepunjwa ujira.
Ghorofa kumi na sita, pembezoni mwa Tbilisi,
ambako upepo haubishi hodi.

Kila Jumatatu, kabla sijarudi kutoka tanurini
na harufu ya mikate ya usiku kwenye kola,
Nazibrola wa ghorofa ya kumi na moja
huwa ameshabandika ukurasa ukutani mwa lifti
kwa uji wa unga, usawa wa macho ya mtu mzima,
na nakala yake chini kidogo,
ya watoto na wenye migongo iliyopinda.
Miaka thelathini alipima mvua katika kituo cha serikali.
Pensheni yake haitoshi dawa na majarida.
Alichagua majarida.

Ukurasa wa kwanza ulihusu uma:
kwamba zamani, mahali fulani, kulia kwa uma
kulihesabiwa dharau. Mungu kakupa vidole,
wewe unamletea chuma?
Ushangi, fundi bomba, akaandika pembeni kwa penseli:
*Na vidole vyenye grisi je?*
Chini yake, mwandiko wa mtoto:
*Nawa.*

Wiki iliyofuata, nyuki:
jinsi anavyorudi mzingani na kucheza
ili wenzake wajue maua yako upande gani.
Siku hiyo Badri na kaka yake walikutana ndani.
Miaka sita hawajasemezana,
shamba la mizabibu la baba limekaa kati yao.
Toka chini hadi ya tisa pana muda wa aya moja.
"Umeiona hii ya nyuki?"
"Nimeiona."
Basi. Mlango ukafunguka.
Nilikuwepo, nimebeba gunia tupu,
nikajifanya nasoma.

Ule wa saa ambazo wanawake humaliza jikoni
bila mshahara wala asante,
ulichanwa usiku uleule. Hatukuuliza na nani.
Asubuhi ulikuwa umerudi, wote, tarakimu kwa tarakimu,
umenakiliwa kwa wino wa buluu,
na mwandiko haukuwa wa Nazibrola.

Mimi ulionipata ni ule wa usingizi.
Ulisema kuna watu waliolala mara mbili kwa usiku mmoja:
wanalala, wanaamka, wanachochea moto,
wanaongea na mke, wanamtembelea jirani,
wanalala tena.
Mimi, ninayelala vipandevipande tangu ujana,
niliyeambiwa na madaktari wawili kwamba nimeharibika,
nilipanda na kushuka mara tatu kuusoma.
Sarafu tatu. Sijawahi kununua kitu kwa bei nafuu vile.

Januari lifti ikafa.
Magoti ya Nazibrola hayajui ngazi,
tukasema basi, yamekwisha.
Jumatatu ikaja. Kikapu kikateremka kwa kamba
kutoka roshani ya kumi na moja,
kikipita madirisha ya watu kimoja kimoja,
na ndani yake ukurasa, umekunjwa, umefungwa kwa uzi:
kwa nini theluji hunyamazisha mji.
Tuliubandika ngazini.
Kesho yake, ghorofa ya nne, palikuwa na mwingine,
habari ya mizani za sokoni. Si wake.
Ya saba, mchoro wa sikio la popo.
Ya tisa, jani la mzabibu limegandishwa kwa gundi,
bila maneno.

Nami nikakata kipande cha mfuko wa unga,
nikaandika, mkono ukitetemeka kama wa mwizi:
*Kwa nini unga huuleule, maji yaleyale,
mikono hii hii, mkate wa Jumanne hauumuki
kama wa Jumatano?*
Nikautia kikapuni.

Kikapu kilishuka na jibu la penseli:
*Sijui. Chunguza, kisha ubandike.*

Lifti imetengenezwa tangu Machi.
Sarafu ninayo mfukoni.
Napanda kwa miguu, polepole,
nikisimama kila ghorofa.