Mkasi wa Genowefa

Siku nne aliutazama ukuta.
Kila nilipofunua shuka aligeuza shingo,
akahesabu vigae vya chumba namba saba,
akasema, "Fanya kazi yako, sista, usinisimulie."
Nikafanya. Maji ya vuguvugu, kitambaa laini,
kuzunguka, kukausha, bila kusugua.
Nilitaka kumwambia: tundu lenyewe ni jekundu, lina unyevu
kama ndani ya shavu la mtoto anayecheka;
halina neva za maumivu, ukiligusa halilii.
Sikumwambia. Kuna habari ambayo mwenyewe
huifungulia mlango, au haiingii.

Nje, Łódź ilikuwa na theluji ya siku ya tatu,
ile iliyochoka, rangi ya maji ya kufulia.
Dirishani lilionekana bomba la moshi la kiwanda
alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja
(siku hizi panauzwa kahawa na viatu vya bei mbaya),
akikata kola za mashati, tabaka arobaini kwa mkupuo mmoja.
Hilo nililisoma kwenye faili,
kati ya "mzio: hakuna"
na "saratani ya utumbo mpana, hatua ya tatu".
Nilisoma nikapita. Tunasoma mengi tukapita.

Siku ya tano nilikuwa na wagonjwa kumi na mmoja
na mkasi butu.
Nilipima: milimita thelathini na mbili.
Nikachora duara kwenye bamba la gundi, nikakata
mbiombio, ukingo ukatoka meno meno
kama mkate uliopitiwa na panya.

Shingo ya Genowefa Pietrzak ikageuka.
"Hiyo nini?"
"Ni kitundu cha kupitishia..."
"Naona ni kitundu. Nani kakufundisha kukata?
Mkasi hautembei, binti. Mkasi unakaa palepale,
kitambaa ndicho kinachotembea. Lete."

Nikampa bamba jipya.
Kwa mkono uliobandikwa sindano ya dripu
akalisogeza polepole kuyafuata makali,
mkato mmoja, bila kuinua,
na duara likamwangukia mapajani, zima kama sarafu.
Akapitisha kidole ukingoni, akaulainisha.
Kisha, kwa kuwa fundi hakati bila kujaribisha,
akatazama tumbo lake mwenyewe kwa mara ya kwanza
kuona kama linamkaa.

Hakulia.
"Kumbe dogo," alisema. Halafu:
"Limeenda upande. Daktari wenu naye hajui kunyoosha."

Tukabandika. Kiganja chake juu ya mfuko,
changu juu ya kiganja chake,
dakika moja, joto liifanye gundi ishike.
Miaka kumi na sita niko kazini;
sijapata dakika ndefu kuliko ile.

Ndipo maswali yakamtoka, moja likisukuma jingine:
kanisani je, likitoa sauti padre akiwa kanyamaza?
Harufu je? Kalina, mjukuu, akinirukia mapajani?
Na mwanamume, je... Akakatiza, akaangalia theluji.
"Aa, Ryszard ameshakufa. Swali hilo kaenda nalo."
Kuhusu dawa za Januari hakuuliza, wala mimi sikuligusa.
Nilijibu yote niliyoyajua.
Nililosahau ni moja.

Mkesha wa Krismasi, saa tatu na nusu usiku, simu ya wodi:
"Sista, natoka damu. Mfuko mzima mwekundu.
Watu wako mezani. Nimejifungia chooni, sitaki kuwaharibia."
Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu.
Maumivu? Hakuna. Kizunguzungu? Hakuna. Homa? Hakuna.
"Umekula nini?"
"Sijala. Nimeonja tu supu ya bitiruti, tangu jana asubuhi."
"Umeonja kiasi gani?"
Kimya. Kisha, kwa sauti ndogo sana:
"Bakuli tatu."

Tulicheka, yeye kwenye kigae baridi, mimi kwenye dawati la zamu,
mpaka mlango wake ukagongwa
na sauti ya mtoto ikauliza bibi anaongea na nani humo.
"Na fundi mwenzangu," alijibu.
"Kukata hajui. Lakini anajifunza."