Mbeta ya Kwanza

Mvua ya Machi haina adabu hapa Njombe,
huingia bila hodi, ikakaa siku nne.
Baba alivaa buti za mpira
akashuka korongoni kwenye mianzi,
akakata ncha, kipande chembamba kama ukucha,
akauacha mwanzi ulie tone kwa tone.

Miaka thelathini na mmoja
mbeta ya kwanza haikwenda kilabuni.
Aliiweka mlangoni pa jiko, kimya,
na mama, mwanakwaya, asiyeonja pombe,
alisema lilelile: "Toa huo ulevi wako,"
kisha akaukandia unga wa maandazi.
Yakaumuka.
Tulikwenda shule tukinukia ulanzi
na mwalimu Eliwaza hakuuliza,
maana alikuwa na lake mkononi.

Mwaka huu magoti ya baba yamegoma.
Anakaa kando ya makaa, blanketi hadi kidevuni,
anaisikiliza mvua
kama mtu anayeitwa na wenzake.

Jana alfajiri mama hakuwepo.
Kisu hakikuwepo ukutani.
Nilimwona akipanda kutoka korongoni,
kanga imelowa, tope hadi magotini,
wanaokwenda shamba wakimtania:
"Kamwene, mgema!"
"Kamwene," akajibu, hakusimama.

Akaiweka mbeta mikononi mwa baba.
Baba akanywa, akafuta povu,
akamtazama kwa muda mrefu.
"Umekata nene mno, Tabita."
"Basi kesho utanielekeza."

Akanywa tena. Akaimaliza.
Unga ulibaki umelala beseni.
Tulikula viazi.