Mkaguzi wa Vipimo Ananunua Matairi

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, saa nne asubuhi.
Shekalaghe ameyasimamisha matairi matatu ukutani
kama muuza vitenge aliyekwisha kunusa pesa.
La kwanza ni saizi niliyokuja nayo:
mbili sitini na tano, sitini na tano, rimu kumi na saba.
La pili limelizidi kimo kidogo: sabini.
La tatu ni mbili themanini na tano, pana,
kashata zake nene, ungezikata ukaziuza mia mia.

"Mama Prado, hili la tatu ndilo la kiume."

Namjua. Mwaka juzi nilimtoza faini kaka yake,
bucha ya Makorora, gramu hamsini
zilizokuwa zikipotea katika kila kilo,
kidole gumba kilichosahauliwa kwenye sahani.

Nikatoa daftari la safari, la kijani, la serikali,
nikahesabu mbele yake:
Chumbageni, Pongwe, Muheza kwenye machungwa,
Segera, kurudi. Lami, lami,
lami iliyolainika kwa jua la Februari.
Tope? Mlalo, mara mbili kwa mwaka,
na ile njia ya Bumbuli, masika,
nilipoteleza hadi kwenye migomba ya mtu
naye akatoka na mwavuli kuniuliza
kama nimekuja kupima ndizi.

Siku kumi na moja za tope.
Mia mbili na arobaini za lami.
Nani huvaa buti la mvua harusini
kwa kuwa mwezi wa nne kutanyesha?

"La tatu litasugua," nikamwambia.
"Nikikata kona litakula madigadi.
Litakunywa mafuta, litavuma hadi Segera
kama mzinga uliopigwa teke.
Na katika kila kilomita mia nitakazokwenda
saba hazitaandikwa.
Saba katika mia, Shekalaghe!
Kwa kipimo hicho bucha ile ningeifunga."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Nikachukua la pili, manne,
kashata za wastani: zinauma udongo,
hazipigi kelele barabarani.

Sasa nikiri.
Askari mmoja wa Pongwe alinionyesha tochi yake:
mshale wangu ukisema themanini
yeye anasoma sabini na saba.
Miaka sita nimejisifia mwendo nisiokuwa nao.
Tairi jipya limeongeza kimo, mshale umetubu,
themanini ni themanini.
Lakini kaunta ya kilomita, maskini, isiyokuwa na kosa,
sasa inanipunja tatu na ushei katika mia,
na posho yangu ya mafuta
hulipwa kwa kaunta.

Ukinyoosha mkono huu wa mizani
ule unapinda.

Tairi la tano sikununua, pesa iliishia kwenye la nne.
Linaning'inia mlango wa nyuma, saizi ya zamani,
limeanza kipara upande mmoja,
fupi kuliko wenzake.
Shekalaghe alilipima mwenyewe, bila kuombwa,
akasimamisha mkono hewani nione:
kidole gumba kimoja.

Hakunitoza faini.