Nukta na Koma

Nyota ni nukta.
Ndivyo macho yanavyosema nikisimama Igombe,
ukingoni mwa bwawa, mwezi haujatoka,
mbu wakinisoma shingo mstari kwa mstari.
Lakini picha yasema jingine:
katikati nukta, sawa,
pembeni kila nyota imeota mkia,
koma, koma, koma,
kama barua ya mtu asiyejua kumaliza.
Naziambia koma! Hazikomi.

Lenzi ni ya mkono wa pili, kutoka Isevya,
kwa Mrisho fundi redio, aliyeapa haijawahi kuanguka.
Ilianguka.
Nyota hazina sababu ya kusema uongo.

Mwanzoni, uani kwetu Cheyo, nililaumu treni:
ile ya Kigoma ilipita saa saba,
ikatikisa ardhi hadi magotini mwa stendi.
Nikahamia bwawani.
Nikaning'iniza kilo tatu za maharage chini ya kamera,
nikafinya tundu la lenzi,
nikafumbua kwa nukta nane badala ya ishirini
(wa zamani waliiita sekunde nukta,
nami naona walijua kitu).
Mwishowe karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
unene wa kope,
nikaichomeka chini ya shingo ya lenzi, upande wa kushoto.
Mikia ikafupika. Haikuisha.

Mchana nafanya kazi hiyohiyo kwa watu.
Studio ina feni moja na kiti cha kuzunguka.
Nafuta chunusi, nanyoosha kola,
nawaondolea waombaji kazi usingizi machoni.
Mwezi wa sita alikuja Bi Nyamizi na picha ya mwanawe,
ikuzwe kwa ajili ya arobaini.
Kijana alikuwa na kengeza.
Nikamnyoosha jicho. Sikutumwa,
niliona ni ihsani.
Mama akaitazama muda wa kuchemsha chai,
akasema, "Mzuri.
Ni wa nani?"

Usiku huo nikaketi na mbingu ya Igombe kwenye kompyuta.
Kuna ufundi: unaitenga nyota na giza lake,
unaionyesha mashine umbo la kosa,
nayo inaurudisha kila mkia kichwani mwake.
Dakika kumi na moja, kompyuta ikipumua kama mwenye pumu.
Nyota mia nne, zote nukta.
Mbingu iliyopigwa pasi.

Nikafurahi, nikakuza kona ya juu,
kumtafuta mmoja ninayemfahamu,
ambaye kwa darubini ya mjomba, bwana nyamapori,
si mmoja: ni wawili, bega kwa bega,
Kulwa na Doto.
Mashine iliona urefu, ikadhani mkia,
ikamsukumia Doto ndani ya Kulwa.
Mimi Shija, niliyezaliwa nyuma ya pacha,
niliyekuta kitandani nafasi moja ipo wazi
na hakuna anayeitaja,
nilipaswa kujua.

Nikafuta yote. Nikaanza upya, kwa mkono,
nyota moja moja, nikiiuliza kila moja:
hili ni kosa la kioo, au ndivyo ulivyo?
Nyingine hainijibu. Naiacha.
Kazi ya wiki mbili, na macho yangu yenyewe
sasa yanaona koma kwenye taa za barabarani.

Bi Nyamizi alirudi kuchukua picha ya pili,
ile yenye jicho linalotazama mlango.
Hakulipa ya kwanza, nami sikudai.
Akiwa anaifunga kwenye kitenge
akaiona mbingu ukutani,
akaweka kidole pembeni, nilikoshindwa,
kwenye mikia mitatu.
"Hizi zinakwenda wapi?"
Nikamwambia ni lenzi, mama,
iliwahi kuanguka.
Akasema, "Hm."
Kidole hakukitoa.