Farasi wa Kariithi

Kariithi alikuja Grogan na karatasi iliyokunjwa mara nne,
ndani yake tarakimu moja.
"Fundi, nataka farasi mia tatu.
Si mia mbili tisini. Mia tatu."
Nikapangusa mikono kwa kitambaa
kilichokuwa shati la shule la mwanangu.
"Watakula nini?"
Hakucheka.

Nikamchorea kwa chaki juu ya sakafu yenye grisi.
Mstari huu ni mkono wako
ukifungua nati iliyoshika kutu.
Huu ni mkono uleule,
ila sasa umeulizwa: nati ngapi kwa dakika?
Ukipima kwa futi na ratili, mistari hukutana
kwenye mzunguko wa elfu tano mia mbili hamsini na mbili,
kwa injini yoyote inayofika huko,
kama majirani wasiosemezana wanaotumia lango moja.
"Na wewe, kutoka Kangemi hadi mjini,
elfu tano unaifikia lini?"
Akatazama chaki. Akatazama simu.
"Usiku. Barabara ya Thika. Saa nane."

Basi nikamfungia turbo kubwa kama sufuria ya harusi.
Chini ya elfu nne, imelala fofofo.
Juu ya elfu nne, shika roho yako.
Mashine ya kupimia kule Industrial Area ikatoa mia tatu na nne.
Karatasi ile aliitia fremu.

Wiki ya tatu akaletwa na gari la kuvuta.
Harufu ya klachi ilitangulia kuingia.
Alikuwa akimhamisha mama yake:
friji, mtungi wa gesi, magunia mawili ya viazi,
mama mwenyewe mbele, saa ya ukutani mapajani.
Kilima cha Kibagare, mvua, udongo mwekundu.
Akakanyaga kidogo: kimya.
Akaongeza: kimya.
Kisha farasi wote wakaamka kwa pamoja,
kila mmoja akavuta upande wake.
Mkokoteni wa maji ukawapita,
punda kichwa chini, madumu kumi na mawili,
hatua, hatua.
Mama akafungua mlango,
akapanda kilima kwa miguu na saa yake.

Punda afe, mzigo ufike, husema watu.
Mimi methali hiyo siipendi.
Miaka ishirini na sita nazika injini zilizoitii.
Nataka mzigo ufike, na kesho asubuhi
punda awe bado anatafuna.

Nikamwekea turbo ndogo, inayoamka elfu mbili,
mapema, kama mama mboga wa Wakulima.
Akaenda nayo Kibagare, akarudi,
akazima injini, akabaki ndani.
"Inavuta," akasema,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.
Halafu, chini chini:
"Wale hamsini na mmoja waliopungua,
umewaweka wapi?"

Sikumjibu. Nilikuwa uvunguni mwa Peugeot
na nati iliyokataa watu wawili kabla yangu,
bomba la mita moja nimelichomeka kwenye spana.
Sikuvuta kwa kasi. Niliegemea tu,
nikaegemea,
mpaka kutu ikasema kri.