Kanda Zilizofutwa

Soko la Malindi, mwuza papa hugoma kwanza kumuuzia.
"Wewe ulimtilia mkaza mwana sumu kwenye uji!
Nilikuwa darasa la tatu, nililia hadi nikatapika."
Bi Zulekha huinua nyusi moja, ile ile,
na mwanamke mzima, mwenye wajukuu, hurudi nyuma hatua mbili.
Kisha hucheka wote, na papa hushuka bei.

Miaka themanini na mitatu.
Meno ya juu ya kununua, ya chini ya kwake,
na ulimi, anasema, haujawahi kwenda gereji.
Miaka tisa, kila Jumanne usiku, alikuwa Bi Kiberiti
ndani ya sanduku la mbao lenye milango na kufuli,
nyumba moja yenye televisheni, mtaa mzima dirishani.
Haikubaki hata dakika.
Kanda zilikuwa ghali; studio ikazifuta,
ikarekodi juu yake mpira, na hotuba, na mpira tena.
Aliniambia haya akichagua mchele, bila kuinua kichwa:
"Penye uso wangu sasa pana kona iliyopigwa nje."

Alhamisi, baada ya alasiri, tuktuk hutoka Muyeye
ikamshusha Mzee Katana Nzai, mumewe wa miaka tisa,
ambaye hakumuoa, wala hakumshika mkono kamera ikizimwa.
Nyonga ya chuma. Viatu vimepigwa rangi hadi kwenye soli.
Hapigi hodi. Husimama mlangoni akakohoa
kikohozi cha Bwana Pole, cha mtu ambaye mshahara umempotea njiani,
na huku ndani shangazi hukaza kanga kiunoni.

Kazi yangu ni kahawa na kufunga mdomo.
Huanza palipoishia wiki iliyopita.
Karatasi hakuna, mchwa walizisoma wakazimaliza.
"Ulinirushia sahani."
"Bakuli, Katana. Sahani ungeikwepa."
Basi hurudia; bakuli la hewa hupita sebuleni,
naye humpata, pa, kwenye paji la uso,
na mimi huangalia chini kutafuta vigae.

Halafu hufika zamu ya Aboud Shee, jirani mdaku,
tuliyemzika mwaka wa mvua kubwa.
Mara ya kwanza nilidhani wamesahau.
Wote wawili wamegeukia dirisha. Kimya.
Macho yao yanamfuata mtu anayeegemea kizingiti,
mabega ya Katana yanacheka kabla ya mdomo,
kisha shangazi anafyatuka: "Hilo kamwambie mkeo!"
nami, ambaye sikusikia neno, nikacheka.
Nilihesabu. Sekunde kumi na moja.
Mwezi uliofuata, kipindi kile kile, nikahesabu tena:
kumi na moja.

Juzi wamekuja vijana wa filamu kutoka Nairobi,
kamera yao haifiki ukubwa wa kikapu cha halwa.
Wanatafuta bibi wa kufa dakika ya tano.
"Na nisipokufa?"
Wakatazamana. Akawapa nyusi.
Sasa bibi anaishi hadi mwisho,
ana kiti chenye jina lake, nusu ya malipo mkononi mapema,
na mchumba, mwenye nyonga ya chuma, anayekuja kwa tuktuk.

Jana, siku ya kwanza, mwongozaji akasema, "Kata!"
Shangazi hakukata.
Zamani zao hapakuwa na kukata; kanda ilikuwa ghali,
ukianza unamaliza, hata nzi akikuingia puani.
Alimaliza maneno yake yote, na mengine yasiyoandikwa,
kisha akageukia dirisha. Katana naye akageuka.
Vijana wakaguna, mmoja akapekua kurasa.
Yule wa kamera, Mungu ampe umri, hakuzima.

Walipomuuliza alikuwa akimngoja nani,
alisema miguu inamuuma,
akadai chai, na iwe na tangawizi.