Uso wa Ishirini na Saba

Mwajabu ameniletea mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku,
ndani yake kadi tatu, flashi iliyopoteza kofia,
simu ya marehemu yenye kioo kilichopasuka,
na harusi ya mwaka tisini na nne
iliyohamishwa kutoka kanda na fundi wa Mtaa wa Likoma
kwa elfu kumi na tano na dua.
"Arobaini ni Jumamosi," kasema. "Dakika tisa tu.
Ila mama aonekane."

Hapa Magomeni, juu ya duka la mabati,
feni linapepea upande mmoja, ule mwingine limeususia.
Luku inasoma uniti nne nukta mbili.
Nafungua programu, nabonyeza ingiza,
na mafaili yanaanza kupanda mojamoja
kama wageni wanaovua viatu mlangoni:
mapana ya kamera ya harusi,
membamba ya simu, yamesimama wima,
na moja lenye jina refu la namba tupu,
ndani yake giza, na mtu anakohoa.

Kisha uchambuzi. Mstari wa buluu
unatambaa kama konokono wa masika.
Asilimia kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na moja.
Chini wanakata bati;
meno yangu yanajua urefu wa kila kipande.

Mashine inahesabu nyuso.
Uso wa kwanza: mara mia mbili na kumi na mbili.
Ni mshereheshaji, yule wa suti ya rangi ya maziwa,
ambaye hata bibi harusi hakujua alialikwa na nani.
Uso wa pili, bwana harusi.
Uso wa tatu, keki.
Naam, keki: ilikuwa na cheri mbili na mkunjo wa krimu.
Uso wa ishirini na saba: mara sita.
Jumla yake, sekunde kumi na moja.

Napekua mwenyewe, kwa jicho.
Yupo mlangoni na sinia, nusu sikio, nusu kitenge.
Yupo nyuma ya sufuria, moshi umemchukua.
Tisini na nne, harusi yake mwenyewe,
kainama chini ya ushungi,
mashine imempita kama kitambaa.
Kwenye simu yake, video mia na arobaini:
wajukuu, kuku, mvua ikiingia barazani Mbagala,
na mkono ulioshika simu haupo hata mara moja.
Mahali pamoja tu Mwajabu kamgeuzia kamera.
"We mtoto, usinipige mimi. Wapige wageni."
Kiganja kinakuja, kinajaza fremu yote.
Nasimamisha hapo.
Kina unga.

Sekunde kumi na moja. Dakika tisa.

Ndipo nateremsha macho kwenye mawimbi ya sauti.
Sherehe nzima ni vichuguu, hotuba, hotuba, muziki, hotuba,
na katikati mlima mmoja, mwekundu kileleni,
umegonga dari.
Programu inanionya: sauti imezidi, imepasuka.
Ipunguzwe?
Navaa spika za masikioni.

Kigelegele.
Kamera iko kwa mshereheshaji, mama hayumo,
lakini shingo zote zinageuka upande mmoja,
suti ya maziwa inasahau neno lake,
hata mpiga picha anayumba, picha inalala kidogo, inaamka.
Nahesabu sekunde tisa, pumzi moja.
Nafungua mahafali. Mlima upo.
Akika ya mjukuu. Upo.
Hata kwenye faili la giza, baada ya kikohozi,
mtu anacheka, na ni yeye.

Nabonyeza hapana.

Uniti moja nukta tisa. Bati limenyamaza.
Uso wa ishirini na saba bado unasubiri jina.
Naandika Mama. Nafuta.
Si wangu. Wangu yuko Kigogo, mzima,
ana jumbe saba za sauti kwenye simu yangu
ambazo sijazifungua.
Naandika: Sikudhani binti Pazi.
Mashine inafikiri kidogo,
inaniuliza kama nina uhakika.